Picha Tatu za Saa Sita

Nyinyi wa kwa kinyozi pale Mwatate mliniuliza ilikuwaje Turkana, nami nikasema ni hadithi ndefu, nikakaa kwenye kiti nikanyolewa kimya. Basi hii hapa. Naiandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo huwa najipendelea. Kwenye daftari angalau naweza kurudi nyuma nikafuta. Shule yangu mnaijua. Kidato cha nne, kisha chuo cha urubani, ambako hawafundishi insha. Wanafundisha kusoma mita za ndege na kusema maneno machache redioni. Kwa hiyo mnisamehe panapokwaruza.

Kazi yangu nayo mnaijua: ndege ndogo ya abiria kumi na mmoja, Nairobi, Lodwar, Kakuma, na kurudi. Mambo mawili mengine ninayoyapenda ndiyo yaliyoniletea shida, yaani kamera na siasa. Kamera nimeiwekea sharti: haitoki mkobani mpaka Halima, rubani mwenzangu, awe ndiye ameshika usukani, na tuwe bado hatujaanza maandalizi ya kutua. Siasa sikuwa nimeiwekea sharti lolote. Nasema ninachoona. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Sasa, upande wa Kalobeyei, karibu na Kakuma, kuna kijiji, sitakitaja, kimetajwa vya kutosha. Kina kisima cha pampu ya sola, tenki lililoinuliwa juu ya miguu ya chuma, na birika refu la kunyweshea mifugo. Wakati wa kampeni kisima hicho kilisifiwa majukwaani mpaka ukadhani ni ziwa. Mimi kila nikipita naona birika kavu, tena limejazwa matawi ya miba, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Sikukurupuka. Nilipiga picha Jumatatu, nikapiga Jumatano, nikapiga na Ijumaa ya wiki nyingine, nipate uhakika kwamba si mkosi wa siku moja. Ndipo nikaziweka mtandaoni zote tatu na maneno haya: "Kura zimeisha, maji yameisha."

Zilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nilifurahi, nisiwadanganye.

Lodwar, tunangoja tairi

Alhamisi tulikwama Lodwar. Tairi la mbele lilichanika tulipotua, na jingine lilikuwa lije kutoka Nairobi Jumapili. Abiria walichukuliwa na ndege nyingine. Mimi na Halima tukaenda kula mbuzi na ugali karibu na daraja la Turkwel, na hapo ndipo bosi wetu, kapteni mkuu, aliponipigia.

"Picha zile ni zako?"

"Ni zangu, kapteni."

"Na ndege?"

Ndege ni yake.

"Sikiliza. Abiria wangu ni wa vyama vyote. Wapo wanaokushangilia, na wapo walionipigia simu asubuhi hii. Ifikapo Jumatatu picha ziwe zimetoka, ama utoke wewe."

Kwa haki yake, hakupiga kelele. Wala hakusema nimesema uongo. Alisema nimeleta shida. Hapo ukaidi ukanipanda. Nikamwambia Halima, kufuta kwa sababu nimekosea, sawa, lakini kufuta kwa sababu nimetishwa, sifuti.

Halima alikuwa anafyonza mfupa. Akauliza, "Na umekosea?"

"Umeziona picha."

"Nimeona birika. Nakuuliza kama umekosea."

Nimepita juu ya kijiji kile mara nyingi kuliko nilivyopita nyumbani kwa shangazi yangu, na sijawahi kukikanyaga.

"Basi nenda kaangalie," akasema. "Leo Alhamisi, tairi Jumapili."

"Niende na nini?"

"Na barabara, kapteni. Watu wengine huitumia."

Lori la Ekai

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi, kwa sababu dereva wa lori la Kakuma alikuwa ameniambia saa kumi na mbili. Jina lake Ekai, mtu wa Kalokol, wa miaka kama hamsini, anabeba samaki wakavu kutoka ziwani hadi Kakuma. Lori lilikuwepo, na samaki pia. Ekai ndiye hakuwepo. Alikuja saa moja, akanisalimu, "Ejoka?", nikamjibu "Ejok", akasema tunatoka saa hii, akaenda kunywa chai. Saa mbili akarudi, akasema tunatoka saa hii, akaenda kumsalimu shemeji yake. Mimi kazini huandika dakika ya kuwasha injini na dakika ya magurudumu kuacha ardhi. Pale nilikuwa na daftari mkononi na sikuwa na cha kuandika. Tuliondoka saa nne.

Barabara ya kwenda Kakuma siku hizi ni lami, na lori lilikwenda vizuri. Harufu ya samaki ilikuwa kali kwa nusu saa, baada ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nanuka hivyo, nikaacha kuisikia. Kwenye kizuizi polisi mmoja alinitazama, akatazama kamera, akaniuliza kazi.

"Rubani."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Rubani wa samaki! Ekai, umemtoa wapi huyu?"

"Ndege yake iko na pancha," Ekai akasema, bila kucheka.

Polisi akacheka zaidi, akatufungulia. Sikukasirika. Ulikuwa ukweli mtupu, na ukweli mtupu huwa unachekesha hivyo.

Kilomita kadhaa mbele, Ekai akaanza siasa, nami nikafurahi, kwa kuwa ndiyo lugha yangu. Kumbe yeye na mimi hatukumpigia kura mtu mmoja. Tukabishana kwa raha. Ndipo akatoa simu nyuma ya kibao cha kukinga jua, akanionyesha.

"Na hii, umeona? Iko kwa simu ya kila mtu."

Ilikuwa picha yangu. Ile ya Jumatano.

"Nimeiona," nikasema.

"Mtu alipiga hii ni adui ya Mama Akiru."

"Mama Akiru ni nani?"

"Ni mama ya hiyo kisima. Yeye ndiyo chairlady ya maji, anashika funguo. Ofisi ya maji iliona hii picha, ikasema huyo mama ameshindwa kazi. Kesho afisa anakuja kuchukua funguo. Iko mtu wao anataka kupatia."

Nilitazama nje. Kulikuwa na vichaka vya mathenge, ule mti wa miba, na ngamia mmoja aliyenitazama kana kwamba ananijua. Mimi nilidhani jiwe nimemrushia mwanasiasa. Kwenye picha hakukuwa na mama yeyote, sasa jiwe lilimpataje? Nikawaza nimwambie Ekai. Nikawaza nisimwambie. Nilinyamaza kwa muda ambao naona aibu kuutaja, na sijui ningenyamaza mpaka lini kama tairi la nyuma la lori halingepasuka.

Tairi lilinitoa Lodwar, na tairi likanisimamisha njiani. Tukiwa chini ya lori, yeye na spana na mimi nimeshika jeki, nikasema, "Mzee Ekai, picha ile niliipiga mimi."

Alitoa kichwa.

"Wewe?"

"Mimi. Kutoka ndegeni."

"Na unaenda huko?"

"Nataka kujua kama ni kweli."

Akarudi chini ya lori, nikasikia anacheka huko peke yake. "Ebu ona! Mimi nafikiri nabeba samaki tu. Kumbe nabeba na mshtakiwa!" Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Kaza hiyo. Hapana huko, upande ingine. Kesho nitakupeleka mimi. Peke yako watakula wewe na miba yao."

Kakuma, kwa Mama Furaha

Tulifika Kakuma jua likielekea kuzama. Mteja mkubwa wa Ekai ni Mama Furaha, Mkongomani, ana mkahawa wa mabati ndani ya kambi ya wakimbizi, na samaki wale anawapika ndani ya sombe, yaani kisamvu. Ekai alimwambia mimi ni nani, kwa bahati bila kumwambia habari ya picha. Akaniletea sahani ya sombe na bugari, ugali wa kwao, akakaa mbele yangu na mikono yake mikubwa mezani kunitazama ninavyokula.

"Ni weye unaendeshaka ile avion ya saa sita?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Nasikiaka sauti yake, najua ni wakati ya kuteremusha chungu. Sasa niambie. Kule juu, fasi yetu inaonekanaka namna gani?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikamwambia ukweli: mabati, mengi, yanang'aa.

"Mabati tu?"

"Mabati tu, mama."

"Na tobo ya pale?" Akaonyesha kidole juu ya kichwa changu, kwenye tundu lililoingiza mwanga kama sarafu. "Tobo hii inaninyeshea miaka mbili. Haukuonaka?"

"Sikuiona."

"Basi haukuonaka kitu," akasema, bila ubaya, akaniongeza samaki.

Sombe ile ilikuwa tamu. Naandika hivyo kwa sababu nilipokuwa naila nilikuwa na mawazo mazito, na bado nilimaliza sahani mbili. Sijui hilo linanionyesha mtu wa namna gani.

Chini ya tenki

Jumamosi Ekai aliazima pikipiki ya shemeji mwingine. Nadhani ana mashemeji kila penye mafuta. Tulipita Kalobeyei, tukaacha lami, tukavuka mkondo mkavu wa mchanga ambapo ilinibidi nishuke nisukume. Tulifika kijijini saa tano na nusu.

Birika lilikuwa kavu. Lilikuwa limejaa miba. Hakukuwa na mtu wala mbuzi.

Mnisikilize vizuri hapa, maana sitaki kujificha. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilisema moyoni: sikukosea.

Kisha Ekai akapiga mluzi, na chini ya tenki, ndani ya kivuli cheusi katikati ya ile miguu ya chuma, akasimama mwanamke. Mrefu, shanga zimemjaa shingoni, ufunguo umening'inia kwenye kamba katikati ya shanga. Ekai akaongea naye Kiturkana kwa muda mrefu. Niliona pale alipofikia jina langu, kwa sababu mama aligeuza kichwa.

"Ni wewe ya ndege," akasema kwa Kiswahili.

"Ni mimi, mama. Nimekuja kuuliza. Kisima kimekufa?"

Alinishika mkono wa shati, akanivuta mpaka chini ya tenki, akaweka kiganja changu kwenye bomba. Bomba lilikuwa baridi na linatetemeka. Maji yalikuwa yanapanda.

Ekai akanitafsiria taratibu. Pampu ile inakula jua, na jua lenye nguvu ni la kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Saa hizo wanafunga kila kitu ili tenki lijae. Watu huteka alfajiri. Mifugo hunywa kuanzia saa kumi. Katikati hapo birika linasafishwa na kujazwa matawi ya mathenge, kwa kuwa mbuzi wa Turkana akiona birika tupu atalipanda alilambe, na wakipanda mia moja linapasuka. Ndivyo kamati ilivyokubaliana, na Mama Akiru ndiye anayekaa pale na ufunguo kuhakikisha.

Ndugu zangu, nilibadilisha siku. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Saa sikubadilisha, kwa sababu ratiba yetu ni moja, na ndege yangu haijawahi kupita pale isipokuwa saa sita.

"Onyesha hiyo picha," mama akasema.

Nikamwonyesha kwenye kamera, zote tatu. Akazitazama karibu na pua.

"Hakuna mtu?"

"Sikuona mtu, mama."

Akaweka kucha juu ya kile kivuli cheusi cha tenki, kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Mimi niko hapa. Na hapa. Na hapa." Kisha akaongeza jambo kwa Kiturkana, na Ekai akacheka kwa uchungu. "Anasema, ulimpiga mara tatu na hukumsalimu."

Saa sita kamili gari la afisa wa maji likafika. Huyu naye nitamtendea haki. Alikuwa kijana mpole, alinisalimu vizuri, na barua aliyobeba, ya kumwondoa mama, hakuiandika yeye. Alishuka, akatazama birika, akatazama miba, akatuinulia mikono. "Si mnaona wenyewe?" Nikamwuliza kama amewahi kufika hapa saa nyingine. Akafikiri. Gari lao hutoka mjini asubuhi baada ya kujaza fomu, akasema, kwa hiyo hufika saa kama hii. Alikuwa amekuja mara mbili. Nilimwona ndugu yangu katika makosa.

"Subiri mpaka saa kumi," nikamwambia.

"Kaka, saa kumi natakiwa niwe nimerudisha gari. Mama, tafadhali, ufunguo."

Wazee walikuwa wamekwisha kuja, wamekaa kila mmoja juu ya ekicholong, kile kigoda chao kidogo cha kutembea nacho. Nikasimama mbele yao. Nikasema picha ni zangu, nimekosea, mama huyu hakukosea. Ekai akatafsiri, na nadhani aliongeza ya kwake, maana maneno yangu yalikuwa machache na yake yalikwenda mbali. Afisa akasema, kwa heshima, kwamba barua haikuandikwa kwa maneno yangu, iliandikwa kwa picha, na kwamba kukiri kwangu si maji.

Ni kweli.

Mama Akiru ndiye aliyesema. Alisema nimevunja jina lake, na anayevunja jina analipa mbuzi, leo hii, na mbuzi huyo analiwa hapa na wote waliopo. Wazee wakaafiki kabla Ekai hajamaliza kunieleza. Mbuzi akaletwa kutoka boma la jirani, mimi nikakubaliana bei na mwenye mbuzi pembeni, akachinjwa, moto ukawashwa. Afisa akatazama saa yake akasema basi yeye anaaga.

Mzee mmoja, bila kugeuka, akasema kitu.

"Anasema," Ekai akaeleza kwa sauti tamu, "mgeni anaachaje nyama kwa moto? Nani alimfundisha?"

Afisa alikuwa kijana wa huko huko. Nilimwona akimeza mate. Mtu anaweza kubishana na mwenyekiti wa maji. Kubishana na nyama iliyo motoni mbele ya wazee ni jambo jingine. Akakaa. Na nyama ya mbuzi wa kuchoma, kama mnavyojua, ikichochewa moto na mtu asiye na haraka, huchukua muda wake. Mama Akiru ndiye aliyekuwa anachochea.

Tulikula saa tisa. Nilipewa kipande cha ubavu, nikaambiwa hicho ni cha mwenye kosa. Kilikuwa kitamu, nacho nakiandika. Afisa alikuwa bado anapangusa mikono wakati jua lilipogonga saa kumi.

Mama Akiru alisimama, akavua ufunguo shingoni. Wanawake wakaburuta miba kwa ndoano za mti. Kisha akafungua, na maji yakaingia birikani kwa kishindo kama mvua juu ya mabati. Sikuwaona mbuzi walikotoka. Ukiwa juu unaona vichaka. Ukiwa chini, vichaka vinatoa mbuzi. Walikuja kundi kwa kundi, na kila mchungaji alikuwa na mluzi wake, na mbuzi walijua mluzi upi ni wao, hawakuchanganyikana. Nyuma yao wakaja ngamia, pole pole, kama watu wanaojua wamewekewa nafasi.

Afisa aliwatazama mpaka ngamia wa mwisho akanywa. Kisha akaikunja barua akairudisha kwenye bahasha. "Nitaandika nilichoona," akasema. "Na saa niliyoona."

Nikainua kamera. Mama Akiru akaziba lenzi kwa kiganja. Nilidhani ananikatalia. Kumbe alitaka kwanza nimfuate nyuma ya kilima. Kule kulikuwa na tenki jingine, la saruji, kubwa, limepakwa rangi, halijawahi kuingia tone. Lilijengwa wakati wa kampeni. Njia ya ndege haipiti huko.

"Hii ndiyo imekufa," akasema. "Wewe ulipiga nzima, ukawacha maiti."

Nikapiga, nikiwa nimesimama ardhini. Nikamwuliza afisa ana la kusema. Akasema pampu iliagizwa, haijaletwa, hajui kwa nini. Nikaandika hivyo hivyo. Tuliporudi birikani, mama akasimama katikati ya mbuzi, akaniruhusu nimpige picha.

Kurudi, na Jumatano iliyofuata

Jumapili Ekai alinirudisha Lodwar, lori tupu likiruka kama mbuzi. Alisema tutoke saa moja, na tukatoka saa moja. Sikuuliza.

Nilizifuta picha tatu. Nikaandika kwa nini, kwa urefu, na jina langu. Nikaweka picha ya saa kumi, na mama katikati, kwa ruhusa yake. Chini nikaweka tenki la saruji na maneno ya afisa, na maoni yangu kuhusu wanaojenga matenki ya kampeni. Maoni yangu hayajabadilika sana. Waliosambaza uongo wangu walikuwa wengi. Waliosambaza masahihisho ni wachache mno. Hilo linaniuma, na sioni la kufanya ila kuliandika.

Jumatatu nikampigia bosi nikamweleza yote.

"Ulilipa mbuzi?"

"Nililipa, kapteni. Na nikamla."

"Basi sikia. Kutoka kwenye ndege yangu hutapiga tena picha ya kubishania. Siku zako za mapumziko, ukiwa kwa miguu yako, sina neno."

Nilikubali. Zamani ningeona nimefungwa mdomo. Sasa naona ndilo sharti ambalo siasa yangu ilikuwa inalikosa.

Jumatano tukapita pale tena, saa sita. Usukani ulikuwa wangu, kamera mkobani. Birika kavu, miba, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Picha ile ile. Nilitamani kutikisa mbawa, lakini nyuma kulikuwa na abiria kumi na mmoja ambao hawakuomba kutikiswa. Taa ya kutua huwa tunaiwasha mbele kidogo. Siku hiyo niliiwasha mapema.

"Unammulikia nani?" Halima akauliza. "Hakuna mtu pale."

"Yupo. Chini ya tenki."

Akaegemea dirisha lake, akatazama mpaka tulipopita.

"Kuna mkono umetoka kivulini," akasema.

Mimi sikuuona. Nilikuwa natazama mbele, ndiyo kazi yangu.